Ferrailleur wa Dola Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 5 Juni

Siku kubwa! Leo mimi, Nsengimana Henri, baba ya Daniella, mkaaji wa Murara, nimepata cheo. Naandika kwa bic mpya.

Ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi nilikuwa Munigi na gunia langu, natafuta vyuma vya zamani kama kila siku. Nanunua kwa kilo: sufuria zilizotoboka, mabati yaliyoungua, milango ya magari yaliyokufa. Nikafika pale wanapojenga shule ya serikali ya vyumba sita. Bibi yangu Dative, mama ya Daniella, anafanya kazi pale tangu walipoanza kuchimba msingi kwenye mawe ya volkano. Anabeba kokoto. Nilitaka tu kumwomba ufunguo wa nyumba.

Getini, ubao mpya! Umeletwa na mfadhili anayelipia shule. Barème ya mishahara, kwa herufi kubwa, ili kila mfanyakazi aijue na chef asimdanganye mtu. Manœuvre, yaani mtu wa kubeba na kuchimba, dola tano kwa siku. Fundi wa kujenga, dola kumi. Fundi wa mbao, dola kumi. Halafu juu ya wote: FERRAILLEUR, dola kumi na mbili.

Nilisoma mara tatu. Ferrailleur! Lakini ferrailleur ni mimi!

Patente yangu, karatasi ya ruhusa ya biashara, inasema hivyo. Hapa Goma vyuma vya zamani vinaitwa mitraille, na sisi tunaovinunua ni watu wa mitraille. Lakini mwaka ule nilipokwenda kuchukua patente, karani alikataa kuliandika neno hilo. Alisema katika Kifaransa cha vitabu mitraille ni risasi, na mtu atakayepita Katindo, mbele ya kambi ya wanajeshi, na karatasi inayosema anauza mitraille, ataulizwa bunduki yenyewe iko wapi. Akafikiri, akafungua kamusi, akaandika: Ferrailleur. Muhuri, saini. Nimeitunza miaka tisa bila kujua thamani yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa chef wa chantier, yaani mkubwa wa ujenzi ule, Ingénieur Benny, kijana mwenye simu mbili. Nafasi za ferrailleur zilikuwa mbili. Moja ameshaichukua Kambere, mtu wa Butembo. Ya pili ilikuwa wazi, na mfadhili alikuwa anapiga simu kila asubuhi kuuliza jina la mtu. Nikatoa patente. Benny aliangalia mbele, akaangalia nyuma, akaangalia muhuri kwenye jua. Aliniuliza kama ni ya kweli. Nilimwambia apige simu ofisi ya commune. Hakupiga. Aliandika jina langu kwenye orodha na kunipa kofia ya plastiki. Dakika nne!

Dative alipita na karai la kokoto kichwani. Aliniona na kofia ile, akasimama.

Nyumbani aliniuliza kama najua ferrailleur wa chantier anafanya nini. Nilimwambia niko katika chuma miaka tisa. Alicheka hadi akaweka mwiko chini. Kisha akanieleza kwamba ni mtu wa kukata, kupinda na kufunga vyuma vinavyolala ndani ya béton, yaani zege, ili nguzo zisianguke na paa lisiwaangukie watoto. Hapo hakucheka tena. Alisema marehemu baba yake alikuwa ferrailleur na alimfundisha yote tangu utoto, lakini miaka kumi na moja sasa kila chantier inamwandika manœuvre, kwa sababu machef hawajawahi kuona mwanamke akifunga vyuma. Hapa, kwa ajili ya ubao ule, alikuwa amejipa moyo. Kesho asubuhi alitaka kumwomba Benny nafasi ya pili.

Nilimwambia asihuzunike. Nafasi imeingia nyumbani kwetu, kwa hiyo ni kitu kilekile. Alisema si kitu kilekile. Alisema mara mbili. Pengine ni uchovu.

Jumanne, tarehe 6 Juni

Siku ya kwanza kazini. Kambere ni mtu mfupi, anaongea kidogo, na hana karatasi hata moja. Nilimwuliza patente yake iko wapi, akanionyesha vidole vyake. Nilimhurumia.

Aliniambia nipange vyuma vilivyoshushwa na lori, kisha akaenda kupima nguzo. Nilipanga vizuri sana. Vizito huku, vyepesi kule, na vyenye kutu kidogo peke yavyo, maana hivyo bei yake inashuka. Nikakadiria jumla: kilo elfu moja na mia mbili, labda na kumi. Kambere aliporudi alishika kichwa. Inaonekana vinapangwa kwa unene, na mimi vile vya unene mmoja nilikuwa nimevitawanya kwenye mafungu matatu. Nilimwambia katika miaka tisa hakuna mteja aliyelalamikia mafungu yangu. Alitumia saa nzima kuvipanga upya bila kunisemesha. Mtu asiyejua kushirikiana.

Kisha akaniagiza cadre hamsini. Nilimwuliza ni za kuwekea picha ya nani. Kumbe kwenye chantier cadre ni kile chuma kidogo kinachopindwa pembe nne na kuvishwa kwenye vyuma virefu vya nguzo, kivishike visitawanyike. Wangesema mapema!

Saa sita, watu walipokwenda kula, nilikuwa na cadre mbili, na moja ilikuwa ya mviringo. Dative alikuja na sahani yangu ya maharage. Aliuangalia ule mviringo muda mrefu. Halafu akakaa juu ya mawe, akashika chuma, akapinda. Tak, tak, tak, tak. Cadre! Nikamwuliza amefanyaje, akapinda nyingine. Kabla watu hawajamaliza kula alikuwa amefikisha thelathini, zote sawasawa. Mimi nilisimama mbele yake, nimempa mgongo na kufungua koti pande zote mbili, ili mtu asione. Hiyo nayo ni kazi, mikono inachoka.

Saa nane Benny alipita, akashika cadre moja, akaipima kwa metre. Alisema tangu atoke chuo hajaona cadre safi hivyo. Niliipokea sifa ile kwa niaba ya familia.

Jumatano, tarehe 7 Juni

Nina mpango! Dative anafunga vyuma nyuma ya depo ya simenti, pale ambapo Benny hafiki kwa sababu simu zake hazishiki réseau. Wakati huo mimi nabeba kokoto zake. Nguzo zinafungwa, kokoto zinafika, hakuna hasara kwa mtu yeyote. Dative alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema mikono yake imekuwa ikimwasha.

Kokoto ni nzito. Sikujua. Kokoto za Munigi ni mawe ya volkano yaliyovunjwa, na kila moja ina meno. Saa tano shingo yangu ilikuwa imeingia mabegani. Dative anabeba hizi tangu mwezi wa pili na hajawahi kuniambia. Au aliniambia nikiwa nasikiliza redio.

Benny alinikuta na karai kichwani. Aliuliza kwa nini ferrailleur wa dola kumi na mbili anabeba kokoto. Nilijibu kwamba nazikagua kama zina chuma ndani yake, kwa sababu chuma cha kokoto na chuma cha nguzo vikikutana kwenye béton vinagombana. Alitoa kitabu chake akaandika! Kweli, aliandika.

Shida ni Kambere. Jioni alizizunguka nguzo tatu zilizokuwa tayari, akashika mafundo ya waya moja moja, akasogeza pua karibu.

"Hizi mafundo ni za mutu wa mukono wa kushoto," alisema. "Na weye uko wa kuume."

Dative ni wa kushoto, kweli. Nilimwambia Kambere kwamba mkono wa kushoto nautumia kwa kazi nzuri tu, ule wa kulia ni wa kazi za kawaida. Ikabidi nimalize siku kwa mkono ule. Nimesaini kuondoka kwa kushoto. Nimekunywa chai kwa kushoto, na chai imemwagikia viatu vya Kambere. Hata mistari hii naandika kwa kushoto, kwa mazoezi. Bic inakataa.

Alhamisi, tarehe 8 Juni

Kambere amesema mbele ya watu wote kwamba kwenye chantier hii kuna mtu anayekula dola saba za mwenzake kila siku. Hakutaja jina, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Wivu wa mtu asiye na karatasi! Nyiramahirwe, yule mama anayejenga ukuta wa mawe upande wa barabara, akasema ni kweli, na si mmoja. Yeye mwenyewe anapanga mawe kama fundi yeyote na ameandikwa manœuvre. Nilimwambia pole, atafute karatasi. Alinitazama vibaya.

Basi nimejibu. Pale getini, chini ya ubao, mfadhili ameweka sanduku la malalamiko, na ufunguo wanao wao wenyewe. Nimeandika barua:

"Waheshimiwa. Kwenye chantier hii watu wengine wanalipwa kwa cheo kisicho chao. Njooni mkague ferrailleur wote, mmoja mmoja, bila kuwapa habari. Ni mimi, mfanyakazi mwaminifu."

Sikutia jina. Mtego wenyewe ni mwepesi. Wakaguzi wakija wataomba karatasi. Kambere hana. Mimi ninayo, tena yenye muhuri. Kambere anatoka, mimi nabaki ferrailleur peke yangu, na pengine wananiongeza. Nilipomaliza kuandika nilizunguka nyumba nikipiga mluzi.

Nilimsomea Dative. Alisikiliza yote, mikono imejaa unga. Aliniuliza kama nina hakika. Nilisema hakika kabisa. Aliniuliza tena: wakaguzi wakitaka kujua nani alifunga nguzo zile, nitataja jina la nani? Nilisema nitawaambia ni kazi ya nyumba yetu. Kisha akafuta mikono, akachukua bic, akakata maneno "ferrailleur wote" na kuandika juu yake "wafanyakazi wote". Alisema inasomeka vizuri zaidi hivyo. Kweli inasomeka vizuri. Nina bahati ya kuoa mtu anayeunga mkono mipango yangu. Kesho asubuhi naitia sandukuni.

Jumamosi, tarehe 10 Juni

Barua imeingia jana, hakuna aliyeniona ila Nyiramahirwe, na huyo alikuwa na jiwe kichwani.

Leo baada ya kazi nimeipeleka patente kwenye duka la fotokopi wakaipaka plastiki. Nimeitoboa juu na kuitia kamba ili niivae shingoni wakaguzi watakapofika. Yule kijana wa fotokopi alisoma akaniuliza kama ninanunua na betri za magari. Nilimwambia sasa hivi niko katika ujenzi wa taifa.

Nguzo sita zimekamilika. Kokoto nimebeba siku nne. Siwezi kugeuza kichwa kushoto, kwa hiyo Kambere akisimama upande huo simwoni. Faida.

Jumapili, tarehe 11 Juni

Misa ya kwanza. Nilivaa kofia ya chantier hadi mlangoni mwa kanisa, mtu wa protokole akaniomba niivue. Njiani watu wa Murara walinisalimia kwa cheo: Ferrailleur, habari! Nilitembea polepole ili nisimpite mtu.

Mama mkwe, Mama Emerance, alikuja kula. Alipomaliza, aliuliza ferrailleur wa familia yake yuko wapi, anataka kumpongeza. Nilinyoosha mkono. Alisema alikuwa anamwuliza binti yake. Dative alikuwa jikoni, na nilisikia sufuria ikitua chini kwa nguvu. Mama Emerance akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimpa Dative vipande vya waya acheze navyo, na mtoto wa miaka saba akawa anafunga miguu ya kuku na viti vyote vya nyumba. Nilijisikia vibaya kidogo. Sijui kwa nini. Nilikula ndizi nyingine mbili, ikapita.

Jumatatu, tarehe 12 Juni

Wamekuja! Yaani amekuja: Madame Apolline, mkaguzi wa mfadhili, peke yake, na buti za matope, saa mbili kamili. Benny aliangusha simu moja. Mkaguzi alikuwa na orodha ya wafanyakazi mkono huu na barua yangu mkono ule. Kuiona tu barua yangu mkononi mwa mtu wa cheo, nilijaa fahari.

Nilijipanga wa kwanza, patente shingoni. Aliisoma. Aliniuliza kilo ya chuma cha zamani nanunua bei gani. Nilifurahi, hilo nalijua! Nilimpa bei ya leo, bei ya wiki iliyopita, na ya shaba juu yake. Alitikisa kichwa taratibu akaandika kitu. Nilidhani ni alama nzuri.

Halafu akatangaza kwamba karatasi hazimhusu. Barème inalipa kazi ambayo mtu anaifanya kwa mikono yake, basi kila mtu atamwonyesha mikono yake. Karatasi hazimhusu! Na ile plastiki nimelipia!

Kambere alianza. Alifunga kichwa cha nguzo mtu hajamaliza hata kukohoa. Madame akasema sawa, anayefuata.

Anayefuata alikuwa mimi. Nilianza kwa mkono wa kushoto kwa sababu Kambere alikuwa anaangalia. Nikaongeza wa kulia. Waya uliingia hapa, ukatokea pale, ukazunguka, nikavuta kwa nguvu zote, nikasikia umekaa. Ulikuwa umekaa kweli. Nilipotaka kurudi nyuma sikuweza. Nilikuwa nimefunga mkono wa shati langu na kamba ya patente pamoja na nguzo. Nikavuta. Nguzo ilibaki, na mimi nikabaki. Watu arobaini wakitazama. Nilimweleza Madame kwamba hii ndiyo dalili ya fundo imara.

Dative alitua karai lake. Alikuja, akachukua koleo mkononi mwangu, akakata waya mara moja, nikatoka. Na hapohapo, kwa mazoea tu, akafunga upya pale nilipoharibu. Kwa mkono wa kushoto. Nilihesabu hadi tatu.

Madame aliuliza jina lake na cheo chake. Mukagasana Dative, alijibu, manœuvre. Benny aliingilia, akieleza kwamba wanawake wa chantier yake wanabeba tu, huyu alikuwa anamsaidia mumewe. Ndipo Kambere, Kambere yule, akafungua kinywa. Alisema mafundo ya nguzo zote sita ni ya huyu mama. Alisema ameshafanya kazi Beni, Butembo na Bukavu na hajapata mwenzake anayefunga hivyo. Alijua tangu Jumatano, ila aliogopa akimtaja wangemfukuza mama pamoja na mumewe.

Madame alimwonyesha Dative vyuma vya nguzo ya saba, vikiwa bado chini. Hakumwambia kitu kingine.

Naandika kama nilivyoona. Dative alilaza vyuma vinne, akavisha cadre moja baada ya nyingine, akazipima kwa kiganja chake, akaanza kufunga akizunguka. Hakumtazama mtu. Walizima hata mashine ya kuchanganya béton. Mimi nimemwona akipika, akisali, akinigombeza. Hiki nilikuwa sijakiona, maana siku zile zote nilikuwa nimempa mgongo ili nimfiche. Bibi yangu ni fundi. Ni fundi kweli, na mimi nilikaa kwenye nafasi yake wiki nzima. Nilisikia haya mpaka masikioni.

Alipomaliza walisimamisha nguzo. Madame aliishika kwa mikono miwili akaitikisa. Haikucheza. Akachukua kalamu, akakata neno kwenye orodha, akaandika lingine, akalisoma kwa sauti: ferrailleur.

Kelele! Nyiramahirwe alipiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakasimama. Mimi nilipiga makofi kabla ya wote, hilo nataka libaki limeandikwa. Nilifurahi hata nikasahau kwamba nafasi ni mbili tu.

Madame hakusahau. Alimwuliza Benny anamfanyaje mtu aliyeingia kwa cheo kisicho chake. Benny, jasho likimtiririka, alisema nifukuzwe sasa hivi. Nilishika kofia yangu ili niirudishe.

"Madame, munisamehe," Dative alisema. "Bwana yangu, kazi ya chuma hajue hata kidogo. Lakini kokoto anabeba muzuri. Nimemuona siku ine."

Walicheka, wengine wakakaa chini. Hata Madame aligeuka pembeni. Nimeandikwa manœuvre, dola tano kwa siku, mahali pa bibi yangu. Na zile siku nilizokuwa ferrailleur zimehamishiwa kwa jina lake. Nilisema nakubali kabla hawajaniuliza.

Jumatano, tarehe 14 Juni

Ushindi! Ukaguzi umekwisha, na watu tisa wamepandishwa cheo. Nyiramahirwe sasa ni fundi wa kujenga, kwenye orodha na kwenye mshahara. Muzee Mulumeoderhwa, aliyechonga milango yote sita kwa dola tano, amekuwa fundi wa mbao na hajaacha kutabasamu tangu jana. Benny anawaita wote papa na mama.

Leo mchana walikuwa wanaulizana nani aliandika barua ile. Nikasema ni mimi. Hawakuamini. Nikaikariri yote, pamoja na maneno yaliyokatwa. Nyiramahirwe akathibitisha kwamba aliniona sandukuni. Basi! Walinibeba juu juu wakiimba, wakazunguka na mimi lundo la kokoto. Mzunguko wa tatu muzee alichoka, upande wake ukashuka, nikaangukia kokoto. Kiwiko kimechubuka. Haidhuru.

Nikifikiria vizuri, huu ndio mpango wangu uliofaulu kuliko yote. Nilitaka mtu mmoja ashuke, wamepanda tisa. Ni kweli aliyeshuka ni mimi, lakini hilo lilikuwa jambo dogo la utekelezaji.

Kazi chini ya bibi yangu si mbaya. Anaita: Papa Daniella, cadre! Napeleka cadre. Anaita: Papa Daniella, waya! Napeleka waya. Anasema aksanti, jambo ambalo nyumbani nilikuwa simwambii. Nimeanza kumwambia. Jana aliniangalia usoni kama mtu anayetafuta nimeficha nini.

Kambere amenipa mkono. Wa kushoto. Nimemsamehe.

Ijumaa, tarehe 16 Juni

Dative amepewa kadi yake ya chantier. Picha, jina, na neno lile. Kutoka Munigi hadi Murara aliishika mkononi, hakuitia mfukoni. Njiani watu waliita: Ferrailleur! Mwanzo tuligeuka wawili. Baadaye nikaacha kugeuka, nikawa nawaonyesha kwa kidole ni nani.

Mama Emerance alikuwa anatungoja. Aliiweka kadi mezani, akaifuta kwa kitenge chake ingawa haikuwa na vumbi, akalia. Dative akalia. Mimi pia nililia, na haikuwa moshi. Miaka kumi na moja mtu anasubiri neno moja liandikwe mbele ya jina lake, na mumewe analala kitanda kimoja naye na hajui. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Alisema amenisamehe tangu nilipofungwa kwenye nguzo.

Akaniomba kitu kimoja tu: kuanzia leo, nikiona ubao wowote wa barème, nisome, nipite. Niliapa. Nilimwambia nimejifunza, na maisha yangu yote sitasahau.

Jumamosi, tarehe 17 Juni

Asubuhi nilitumwa Katindo kununua mafuta ya kupikia. Kule wanaanza kujenga ofisi mpya za serikali. Ubao getini! Nilisoma tu, kama nilivyoapa. Manœuvre, fundi, ferrailleur, yote nayajua. Lakini huu ni mrefu kuliko ule wa Munigi. Na juu kabisa, juu ya wote: CONDUCTEUR DES TRAVAUX, dola arobaini kwa siku.

Arobaini!

Nilimkuta Kambere kwenye duka la mafuta nikamwuliza. Alisema huyo ni ingénieur mkubwa anayeongoza kazi za chantier nzima, tena anasoma miaka mitano. Wivu bado haujamtoka. Conducteur ni mtu anayeendesha, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Na mimi nina permis ya kuendesha moto, yaani pikipiki! Nimeitafuta nyumbani nikaipata chini ya godoro. Imekwisha muda mwaka juzi, lakini muhuri unasomeka, na picha bado inafanana na mimi. Jumatatu saa moja kamili nitakuwa getini. Dative sijamwambia, nataka afurahi ghafla.